"Osileta Imekufa": Sintesaiza ya Zamani Ikitoka kwenye Toni, Kosa Hasa Liko Wapi?

"Osileta imekufa." Mnunuzi huyasema maneno haya ili bei ishuke, fundi huyasema ili bei ipande, na mwenye sintesaiza, yaani chombo cha muziki kinachounda sauti kwa umeme, huyasema kwa unyonge kama anayetoa taarifa ya msiba. Mara nyingi wote watatu wamekosea. Chombo kinaimba nje ya toni, au noti moja haitoki, au sauti inapanda kidogo kidogo kama maziwa jikoni, na lawama yote inatwishwa kifaa kimoja ambacho pengine hakina hatia.

Maneno haya yamezidi kusikika tangu vyombo vya analogi viliporudi kwenye mazungumzo ya wanamuziki. Kampuni ya Moog ya Marekani ilianza upya kutengeneza sintesaiza yake ya analogi, Minimoog Model D, mwaka 2016, ikaitoa tena mwaka 2022, na wengi waliovutiwa wakaanza kusaka vyombo vya miaka ya 1970 na 1980 vilivyolala stoo muda mrefu. Chombo kikifika nyumbani na kuimba vibaya, neno la kwanza ni lile lile.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo.

Kinanda tunachokizoea kanisani, harusini au kwenye bendi za taarabu ya kisasa kwa kawaida ni cha kidijitali. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayopiga hesabu za sauti au kuchezesha sauti zilizorekodiwa, na kompyuta hiyo inaongozwa na saa ya kwatsi kama ile ya mkononi. Kinaweza kuingia maji, kuungua, au kubaki na vibonye vibovu, lakini hakitoki kwenye toni polepole. Noti A ya leo ndiyo A ya mwakani. Sintesaiza ya analogi haina hesabu hizo. Ndani yake umeme wenyewe ndio unaotetemeka, na mtetemo huo ukifika kwenye spika unakuwa sauti. Kinachoutetemesha umeme huo ndicho kinachoitwa osileta.

Fikiria mtu anayeimba. Kamba za sauti kooni zinatoa sauti ghafi, mdomo unaigeuza kuwa "a" au "u", na pumzi inaamua sauti iwe kubwa au ndogo na ikome lini. Katika sintesaiza, osileta ndiyo kamba za sauti. Kinachofanya kazi ya mdomo ni kichujio, na cha pumzi ni amplifaya ya ndani. Mtu akinyamaza ghafla hatusemi moja kwa moja kwamba kamba zake za sauti zimekatika. Huenda amefunga mdomo tu.

Mfano mzuri wa mdomo uliofungwa ni sintesaiza ya Roland Juno-106 ya mwaka 1984. Chombo hiki kinaweza kutoa sauti 6 kwa pamoja, na kila sauti ina chipu yake yenye namba 80017A iliyofunikwa kwa utomvu mgumu. Miaka ikipita, ganda hilo huanza kuruhusu umeme uvuje pale usipotakiwa, na sauti husika hufifia, hukwaruza au hunyamaza kabisa. Mwenye chombo husema osileta imekufa. Lakini ndani ya 80017A hamna osileta, mna kichujio na amplifaya. Mafundi wengi huzing'oa chipu hizo, huziloweka kwenye asetoni hadi ganda litoke, na baadhi hufufuka. Kulitambua tatizo hili hakuhitaji hata bisibisi: piga vibonye tofauti, kimoja baada ya kingine, na usikilize. Kasoro ikirudi kila pigo la sita, ni sauti moja kati ya sita inayougua, na nyingine tano ni nzima. Isitoshe, mapigo ya osileta za Juno yanahesabiwa na saa ya kidijitali, kwa hiyo sauti moja ya Juno kutoka kwenye toni peke yake ni jambo la nadra mno. Ukiambiwa hivyo na muuzaji, muulize maswali zaidi.

Sasa twende kwenye osileta yenyewe. Mfano wangu utakuwa Minimoog Model D, iliyotengenezwa kuanzia 1970 hadi 1981, kwa sababu ina osileta tatu tu, unaweza kuzisikia moja moja, na maradhi yake ndiyo maradhi ya jamii nzima.

Weka ndoo chini ya bomba. Maji yanaingia, kimo kinapanda kwa mwendo mmoja. Yanapofika kwenye alama, mtu aliyesimama pembeni anaimwaga yote mara moja, na ndoo inaanza kujaa upya. Ukichora kimo cha maji kwenye karatasi utapata mstari unaopanda kwa mshazari, unaanguka wima, unapanda tena. Hayo ni meno ya msumeno, na wimbi la namna hiyo ndilo linaloipa sintesaiza ile sauti ya kukereza kama tarumbeta. Ndoo ni kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme. Bomba ni transista inayopitisha mkondo. Mwenye kumwaga ni saketi ndogo inayochungulia volti na kuiondoa ikifika kikomo. Kwa noti A ya katikati, ndoo inajaa na kumwagwa mara 440 kwa sekunde moja. Fungua bomba zaidi, inajaa haraka zaidi, noti inapanda.

Mawimbi mengine ya Minimoog, kama la mraba na la pembetatu, huchongwa baadaye kutokana na mtetemo huo huo. Hapa tayari tuna kipimo cha kwanza: kama wimbi la msumeno linasikika vizuri lakini la mraba halitoki, basi ndoo, bomba na mwagaji ni wazima. Mashine inasaga unga vizuri. Aliyeharibu ni mpika chapati.

Hadi hapa mambo ni mepesi. Ugumu unaanza pale kinanda cha sintesaiza, yaani safu yake ya vibonye, kinapotaka kuliamuru bomba lifunguke kiasi gani.

Sikio la binadamu linahesabu kwa kuzidisha. Kutoka mitetemo 110 hadi 220 tunasikia oktava moja, na kutoka 440 hadi 880 tunasikia pia oktava moja, ingawa hatua ya kwanza ni ya mitetemo 110 na ya pili ni ya 440. Kinanda, kwa upande wake, kinajumlisha tu: kila oktava ni nyongeza ya volti 1, na kila nusu toni ni karibu milivolti 83. Lazima basi kuwe na mtu katikati anayegeuza kujumlisha kuwa kuzidisha. Kazi hiyo inafanywa na transista, na inaifanya kwa maumbile yake: katika joto la kawaida la chumbani, kila ukiiongezea takriban milivolti 18 kwenye mlango wake, mkondo unaopita ndani yake unakuwa maradufu. Kwa hiyo volti 1 ya kinanda inapunguzwa hadi milivolti 18 kabla ya kuingia.

Hebu itazame namba hiyo. Wanamuziki hugawa nusu toni moja katika vipande 100 vinavyoitwa senti. Kwenye mlango wa transista, senti moja ni kama sehemu 15 za volti iliyokatwa vipande milioni. Kosa dogo namna hiyo kwenye redio au pasi hakuna atakayelijua. Kwenye osileta linasikika, au likikusanyika na wenzake linasikika. Ndiyo maana nasema chombo hiki hakidekezwi bure.

Adui mkubwa ni joto. Transista ikipata joto zaidi kwa nyuzi moja tu, hesabu yake inahama kwa kiasi cha milivolti 2, na ukikumbuka kwamba oktava nzima ni milivolti 18, utaona kuwa nyuzi moja ya joto ingeihamisha noti kwa zaidi ya nusu toni. Kufungua dirisha kungekuwa kubadilisha wimbo. Wahandisi walilikwepa hilo kwa kutumia transista mbili pacha zilizokaa pamoja kama watoto waliolala kitanda kimoja chini ya shuka moja. Joto likipanda, zote mbili zinakosea sawa, na saketi inalinganisha mmoja na mwenzake, hivyo kosa linafutika.

Linabaki kosa la pili, dogo lakini kaidi. Zile milivolti 18 zenyewe zinabadilika kulingana na joto, kwa karibu asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja. Bila kinga, chumba kikipata joto zaidi kwa nyuzi 10, noti iliyo oktava nne kutoka pale ulipotyuni itakosea kwa zaidi ya nusu toni, wakati ile ya jirani iko karibu sawa. Kinga yake katika vyombo vingi ni rezista (kipande kinachobana mkondo wa umeme) ya aina maalumu ambayo thamani yake inapanda na joto kwa kiwango hicho hicho, ikiwa imegandishwa juu ya transista pacha ili zote zihisi joto moja. Ukikuta rezista imegundishwa juu ya transista kwa gundi nyeupe, usiitoe ukidhani ni uchafu wa fundi aliyetangulia. Na fundi aliyetangulia akiwa ameiweka ya kawaida yenye thamani ile ile, mita haitakuambia kitu: itasoma sawasawa. Chombo kitakaa kwenye toni asubuhi na kupotea mchana.

Minimoog za baadaye zilitumia njia nyingine ya kijasiri: chipu ya µA726, ambayo ndani yake mna transista pacha pamoja na jiko lao dogo linaloziweka kwenye joto moja muda wote. Humo ndimo ulimozaliwa uzushi kwamba chipu ikiguswa na kukutwa ya moto, imeungua. Hii inatakiwa iwe ya moto, na ya kutiliwa shaka ni ile iliyo baridi. Nayo haitengenezwi tena, kwa hiyo mwenye kuing'oa kwa kubahatisha amejitafutia gharama.

Basi, chombo kiko mezani. Mikono ibaki mfukoni kwanza.

Kuna mitego kwenye uso wa Minimoog ambayo imewapeleka watu wengi kwa fundi bila sababu. Osileta ya tatu ina swichi inayoitenga na kinanda, ili itumike kutikisa sauti za wenzake. Swichi hiyo ikiwa imezimwa, utapiga vibonye vyote na osileta ya tatu itabaki kwenye noti moja kama mtoto aliyenuna. Haijaharibika, imetengwa tu. Kila osileta pia ina kifundo cha kuchagua oktava, na kikiwekwa kwenye alama ya LO sauti inashuka hadi kuwa tik-tik-tik inayofanana na ubovu. Osileta ya pili na ya tatu zina vifundo vyao vya kuzihamisha juu au chini dhidi ya ya kwanza; kikisogezwa kidogo wakati wa kusafirisha, tayari kuna mtu ameshasema chombo hakikai kwenye toni. Gurudumu la kupindisha sauti, lililo pembeni mwa kinanda, likae katikati. Haya yote ni dakika tano.

Kisha washa na uondoke. Nusu saa. Kupima toni ya Minimoog iliyowashwa sasa hivi ni sawa na kumpima mtu shinikizo la damu akiwa ametoka mbioni.

Ukirudi, swali la kwanza ni hili: je, osileta zote tatu zinakosea pamoja, au moja tu? Zizime mbili kwenye mchanganyiko wa sauti, sikiliza moja, kisha nyingine. Swali hili linaokoa kazi ya siku nzima. Osileta tatu kuharibika kwa namna moja, siku moja, kwa kiasi kimoja ni kama wapangaji watatu kukosa maji wakati mmoja. Hakuna anayekwenda kufungua mabomba ya kila chumba. Unakwenda kuangalia tangi.

Tangi la kwanza ni pawa saplai, sehemu inayougawia chombo kizima umeme. Minimoog hutumia volti 10 chanya na volti 10 hasi, na osileta zinazitumia kama fimbo ya kupimia. Fimbo ikirefuka au kufupika, kila kipimo kinapotoka. Kwenye waya wa kuamuru noti, kuyumba kwa milivolti 10 tu ni senti 12, na hizo zinasikika na mtu yeyote. Mita ya kawaida inatosha kuona kama volti ziko mahali pake na kama zinatulia. Ukisikia pia mvumo wa chini chini, kapasita za kuchuja umeme zimekauka, na hizo kweli zinazeeka.

Tahadhari moja hapa, na ni ya uhai. Vyombo vilivyouzwa Marekani viliandaliwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120, vya soko la Japani kwa volti 100, na soketi zetu ni za 230 au 240. Aliyechomeka chombo cha Japani ukutani bila transfoma ya kushusha umeme huenda amekiua chote kwa mkupuo, na hapo osileta hazina kesi ya kujibu. Kama hujazoea kufanya kazi kwenye sehemu ya umeme mkubwa, kipande hicho mwachie fundi, kwa sababu kapasita zake zinaweza kushikilia chaji hata plagi ikiwa imetolewa.

Tangi la pili ni kinanda chenyewe. Chini ya vibonye kuna vyuma vyembamba vinavyogusana, na vikishika ukungu noti zinaruka ovyo: ukipiga C inatoka C na robo, ukirudia inatoka sawa. Kwa sisi wa Mombasa, Unguja au Maskati, ambako hewa ina chumvi, hapa ndipo ningeangalia mapema kabisa. Dawa ya kusafishia kontakti na subira humaliza kazi. Vilevile, Minimoog inapiga noti moja kwa wakati, na ukiinua kidole kuna kapasita ndogo inayokumbuka volti ya noti ya mwisho ili sauti ififie ikiwa mahali pake. Kumbukumbu hiyo ikivuja, sauti inateleza kila unapoachia kibonye, zote tatu kwa pamoja. Usumbufu wa kweli, ila osileta zenyewe ni nzima.

Kama inayokosea ni moja tu, sasa ndiyo tunaingia chumbani kwake. Chukua programu ya kutyuni kwenye simu, andika kosa la noti A kwenye oktava tano: 110, 220, 440, 880 na 1760. Namba hizo tano zina habari nyingi kuliko saa nzima ya kugusagusa bodi.

Mzani wa dukani utatusaidia kuzisoma. Kuna mzani ambao sahani yake imegandwa na unga: kila ukipima, gramu 50 zinazidi, uwe umeweka nusu kilo au kilo tano. Hili ni kosa la mahali pa kuanzia. Kwenye osileta utaona senti 10 za ziada kwenye noti zote tano, na dawa yake ni marekebisho madogo ya toni. Kuna mzani mwingine unaozidisha gramu 50 kwa kila kilo, kwa hiyo mzigo ukiongezeka kosa nalo linakua. Kwenye osileta utaona 0, 6, 12, 18, 24. Hapo kinachokosea ni ule ubadilishaji wa volti kuwa oktava: ama kirekebishi chake kimehama, ama rezista fulani, pengine ile ya joto, haiko kwenye thamani yake. Watu wengi hushughulikia kosa la pili kwa dawa ya kosa la kwanza. Wanatyuni katikati ya kinanda, wanafurahi, wanapanda oktava mbili, wanakasirika, wanatyuni tena huko juu, wanashuka, wanakasirika upya.

Kuna sura ya tatu: noti zote ziko sawa isipokuwa za juu kabisa, zinazoshuka kwa senti kadhaa. Rudi kwenye ndoo. Kumwaga maji kunachukua muda kidogo, na muda huo hauhesabiki ndoo ikijaa taratibu. Bomba likifunguliwa mno, ule muda wa kumwaga unaanza kula sehemu kubwa ya kila mzunguko, na mitetemo inakuwa michache kuliko ilivyoamriwa. Kiasi fulani cha hali hii ni cha kawaida. Kikizidi, mwagaji amechoka.

Na ya nne ni kinyume chake, noti za chini tu ndizo zinazopotea. Hiyo ni ndoo inayovuja. Bomba likiwa linatoa tone tone, tundu dogo kama la sindano linatosha kuchelewesha ndoo kujaa. Inaweza kuwa kapasita yenyewe, lakini kabla ya kuihukumu, safisha bodi kwa spiriti safi. Mabaki ya dawa ya kulehemu yakichanganyika na vumbi na unyevunyevu hupitisha umeme kidogo sana, na kwenye noti za chini mkondo halali nao ni mdogo vivyo hivyo.

Kosa lisilo na mpangilio, linalokuja na kuondoka, linaruka ukigusa kifundo au ukigonga ubavu wa chombo, si la mahesabu. Hilo ni la mguso: lehemu iliyopasuka, plagi iliyolegea, swichi ya oktava yenye kutu. Gonga polepole kwa mpini wa penseli, sehemu moja baada ya nyingine, huku noti ikilia. Kosa linalofuata muda, yaani linasogea upande mmoja kwa saa nzima, ni la joto. Puliza hewa ya uvuguvugu kwa dryer ya nywele kwenye eneo dogo, kisha uache lipoe. Osileta nzima itayumba kidogo na kurudi, mbovu itaruka mbali au haitarudi.

Na kama bado hujampata mkosaji, Minimoog inakupa zawadi ambayo vyombo vingi havina: osileta nyingine mbili zinazofanana nayo sana. Pima volti kwenye osileta nzima, pima mahali pale pale kwenye iliyougua, songa mbele hadi namba mbili zitakapoachana. Jirani mzima ni ramani bora kuliko mchoro uliofifia.

Nimeacha makusudi mpaka sasa zile skrubu ndogo za marekebisho, trima, kwa sababu ndizo zinazoguswa kwanza ilhali zilipaswa kuguswa mwisho. Kila osileta ina ya kuweka mahali pa kuanzia na ya kuweka ukubwa wa oktava, nazo zinavutana: ukigusa moja, nyingine inahama. Kabla ya kuzigusa, piga picha mahali zilipo. Aliyezizungusha zote kwa hasira amechukua chombo chenye kosa moja akakifanya kuwa na makosa saba, na fundi atakayekipokea hatajua lipi lilikuwa la mwanzo.

Uzushi mwingine maarufu ni wa kubadilisha kapasita zote. Zile kubwa za pawa saplai, ndiyo, zina umri na zinakauka. Lakini ile iliyo ndoo ya osileta mara nyingi ni ya polistirini, aina isiyokauka, iliyochaguliwa kwa sababu thamani yake inatulia hata joto likibadilika. Kuing'oa nzima na kuweka yoyote iliyopatikana dukani ni kubadilisha ndoo kwa karai: itafanya kazi, lakini kila kipimo itabidi kipangwe upya, na huenda joto likaisumbua kuliko ile ya zamani. Mimi huona ushauri wa "badilisha zote" ni wa mtu asiyetaka kusikiliza.

Ipo pia dhana kwamba chipu ya osileta ikifa kweli, chombo kimekwisha. Inategemea. Sintesaiza za Prophet-5 za toleo la tatu, la mwaka 1980, na Roland SH-101 zinatumia chipu ya CEM3340, ambayo ilirudi kutengenezwa mwaka 2016, na zipo pia nakala zake kutoka viwanda vingine. Hizo zinatibika. Prophet-5 za matoleo mawili ya mwanzo zilitumia chipu za kampuni nyingine, SSM, na huko kupata kipuri ni kazi.

Baada ya matengenezo, tyuni osileta ya kwanza kwa programu ya simu au kwa ile noti A ya mitetemo 440 ambayo Minimoog inaitoa yenyewe kwa swichi. Kisha fungua ya pili juu yake. Zikiwa mbali kidogo utasikia sauti ikivimba na kunywea, wau-wau-wau. Moja ikiwa 440 na nyingine 441, itavimba mara moja kila sekunde. Zungusha hadi mawimbi hayo yapungue na kutulia, halafu irudishe nyuma kidogo tu. Ukizifikisha sawa kabisa sauti inakonda, na mwenye chombo atakuuliza umeiharibu nini.